Akina Dama Ziro Watatu

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe tisa Mei, mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, saa mbili na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu redio ya jirani ilikuwa imemaliza habari na kuanza matangazo ya vifo. Mke wangu Dama aliweka chini sufuria ya chai, akashika mwimo wa mlango, akasema, "Mwero, leo imekuja na nguvu."

Alikuwa akiisema pumu. Alikuwa nayo tangu usichana wake.

Mie nilikuwa likizoni. Kazi yangu ni ulinzi kule Diani, kwenye jumba la Mzungu ambaye mwenyewe huja mara mbili kwa mwaka, na nyumbani kwetu Mwalukuni, huku bara upande wa Kinango, mie huja siku nne kila mwezi. Kwa hiyo nilikuwepo. Watu huniambia nishukuru kwamba nilikuwepo. Sijui wanataka nishukuru nini.

Dispensari iko hatua mia tatu kutoka mlangoni kwangu. Nilimbeba mgongoni, bila kukumbuka ni siku gani. Ndani ya dispensari ile kuna mashine ya mvuke, ndogo kama redio, ambayo dada Hannah, muuguzi wetu, alikuwa akimfunga Dama usoni mara tatu au nne kwa mwaka. Baada ya nusu saa Dama hurudi nyumbani kwa miguu yake, akisimama njiani kuulizia bei ya mchicha ambao hataki kuununua.

Siku hiyo mlango ulikuwa na kufuli. Juu ya kufuli palibandikwa karatasi: Kituo hiki kinatoa huduma Jumatatu na Jumatano pekee, kwa uamuzi wa Bodi. Nilichungulia dirishani. Mashine niliiona. Ilikuwa juu ya rafu, imefunikwa kitambaa cha maua alichokishona Dama mwenyewe ili isiingie vumbi.

Sikuvunja dirisha. Nimelipwa miaka kumi na minane kulinda kufuli za watu, na mkono wangu siku hiyo haukujua kuvunja. Hata ningevunja, mashine nisingejua kuiwasha. Hayo nimeshajiambia mara nyingi na hayajanisaidia.

Tulipakiwa kwenye pikipiki kwenda hospitali kubwa, mwendo wa kilomita kumi na tisa, barabara imelainika kwa mvua. Mwenye pikipiki mbele, Dama katikati, mie nyuma nimemkumbatia asianguke. Mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka kifuani kwangu kama mtu anayesukuma gogo. Tulipopita shule ya msingi, mgongo ukatulia. Nikamwambia mwenye pikipiki apunguze mwendo, hakuna haja tena ya haraka.

Nataka jambo moja lieleweke. Dispensari ile haikuwa ya Bodi. Matofali tuliyachoma sisi, na maji ya kuchanganyia saruji akina mama waliyabeba kichwani. Iliendeshwa na kamati ya watu saba tuliowachagua kwa kuinua mikono kwenye baraza la chifu. Mwenyekiti wao alikuwa Suleiman Chirau, mfanyabiashara wa ng'ombe. Na Suleiman alikula. Siwezi kusema uongo hapa. Mabati ishirini ya wodi ya akina mama yalionekana juu ya zizi lake la mbuzi, muhuri wa serikali ukisomeka mpaka barabarani. Tukaitana. Chifu akauliza ni nani anayetaka Suleiman aondoke. Mikono ikapanda. Suleiman akakunja kanzu yake akaondoka. Shughuli yote haikufika dakika kumi.

Siku hiyohiyo akasimama mgeni kutoka Kwale, mtu wa maneno mazuri. Akasema, kwa nini mchague mwizi mwingine? Ipo Bodi mpya ya wataalamu. Watu wenye digrii, hawana ukoo hapa, hawana zizi la mbuzi, hawaombi kura ya mtu. Wao hufuata takwimu tu. Nani anakubali tuwaachie wao?

Mie niliinua mkono. Niliinua yote miwili.

Haukupita mwaka ikaja barua. Bodi imehesabu, na watu wanaohudumiwa na dispensari ya Mwalukuni ni elfu moja na mia tatu. Kituo chenye watu chini ya elfu moja na mia tano hakistahili muuguzi wa siku tano. Hannah atakuwa kwetu siku mbili na kwingine siku tatu. Tulitazamana. Tulijiona tuko zaidi ya elfu mbili. Lakini kompyuta imesema, na mtu aliyeishia darasa la tatu kama mie ataanza wapi kubishana na kompyuta? Tukanyamaza. Dama akasema, "Basi itabidi niugue Jumatatu na Jumatano." Tukacheka.

Mwezi wa Agosti, nikiwa nimekuja tena likizo, shemeji yangu alikuja nyumbani akakaa kwenye kigoda bila kungojea kukaribishwa. Ni dada mkubwa wa marehemu mke wangu.

"Shemeji," akasema, "nimekufa."

"Nani kasema?"

"Tableti ya Hannah, ile ya kusomea majina. Nimekufa tarehe tisa Mei. Nimeonyeshwa kwa macho yangu. Nimekwenda kuchukua dawa za presha, nikaambiwa haziwezi kutoka, kwa sababu maiti hana presha."

"Hannah kasema hivyo?"

"Hannah kacheka. Kisha akaingia ndani, akakaa huko muda, aliporudi macho yake mekundu."

Hapa sharti nieleze. Baba mkwe wangu, mzee Ziro, alikuwa na wake watatu, na mama yake mzazi aliitwa Dama. Kwetu, binti wa kwanza wa kila mke hupewa jina la mama wa mume. Kila nyumba ina haki ya kumrudisha bibi, na ukiinyima nyumba moja utakuwa umeanzisha vita. Kwa hiyo mzee Ziro alizaa akina Dama watatu: Dama wa nyumba kubwa, ndiye huyu shemeji, Dama wa nyumba ya kati, ndiye mke wangu, na Dama wa nyumba ndogo, aliyeolewa ng'ambo ya kijito. Walipofika umri wa kitambulisho mzee aliwapeleka wote siku moja. Karani akauliza walizaliwa lini. Mzee akasema mwaka wa njaa. Karani akawaandika wote watatu tarehe moja Januari, mwaka mmoja, akafunga kitabu akaenda kunywa chai.

Si wao tu. Tunao Chome Sanga wanne. Tunao Mwanapili Mbarak wawili, wote wazima na wote wakali. Mie mwenyewe, Mwero Chome, nina mwenzangu wa nyumba nyingine ya baba yangu, na barua zake nimezifungua mara nyingi. Sisi hatupotezani, kila mtu anajulikana kwa nyumba yake.

Nilikwenda kwa Hannah Jumatano yake. "Dada, niambie kweli. Watu wetu mia saba walikwenda wapi?"

Aliangalia mlango kwanza. "Bodi ilisafisha majina, mzee Mwero. Jina likijirudia na tarehe ya kuzaliwa ikafanana, mfumo unabakisha mmoja na kuwafuta wengine."

"Ulijua?"

"Niliandika barua mbili. Nilijibiwa kwamba kazi yangu ni kuchoma sindano, mfumo nisiuguse."

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikaa mahali palepale nilipomtua Dama siku ile. Kumbe hakuna aliyefanya ubaya. Mtu mmoja Kwale alikaa kwenye kiti chake, akaona uchafu katika orodha, akasafisha. Na uchafu wenyewe ni sisi.

Wiki tatu baadaye karatasi nyingine ikabandikwa mlangoni. Kwa kuwa watu ni wachache, dispensari itafungwa kabisa tarehe thelathini na moja Oktoba. Mwenye pingamizi afike mbele ya Bodi, Kwale, tarehe kumi na tano Oktoba, akiwa na ushahidi.

Nilipigiwa simu Diani. Nilikuwa getini, nikalitazama lile jumba la vyumba tisa ambalo hakuna anayelala ndani, na mie nikilipwa kuhakikisha haligusiki. Nikasema moyoni, dispensari haitafungwa. Hata kama kazi itaondoka, haitafungwa.

Ushahidi niliujua uko wapi. Zamani za kamati, kila familia iliandikwa katika daftari kubwa jeusi, kwa mkono, na daftari hilo Suleiman aliondoka nalo kwapani siku tulipomfukuza.

Nilimkuta Samburu, mnadani, amesimama kando ya lori lake akibishana na mnunuzi kuhusu meno ya fahali. Aliponiona akaacha kubishana.

"Mwero Chome," akasema. "Umekuja kununua, au huku nako unanifukuza?"

"Nimekuja kuomba daftari."

"Daftari la mwizi?"

"Hilo hilo."

"Uliinua mikono miwili wewe. Nilikuwa nakutazama toka barabarani. Nikasema, huyu hata mmoja haumtoshi."

"Ile miwili ilikuwa ya kuwakaribisha wataalamu. Kukutoa wewe niliinua mmoja, na ulistahili."

"Nilistahili," akakubali, bila hasira. Akampiga fahali kofi la mgongo apande lorini. "Sasa nikuulize, bwana mlinzi. Mie uliponitaka ulinipata. Zizi langu ulilijua, ulikuja ukahesabu mabati mchana kweupe, mbuzi wakikuangalia. Hao wako wana zizi wapi?"

Nikanyoosha mkono nikingoja daftari. Akapanda kwenye kiti cha dereva, akarudi na daftari limefungwa ndani ya gunia. Nikalifungua palepale nikatafuta kwa kidole. Mwandiko wake Suleiman ni mbaya, lakini niliona: Dama Ziro, nyumba ya kati, mke wa Mwero Chome wa Diani, pumu. Mtu huyu alituibia mabati. Mtu huyuhuyu alimwandika mke wangu kwa nyumba yake, kwa mumewe na kwa ugonjwa wake.

"Hawatalisoma," akasema Suleiman. "Wataliona limechakaa. Wapelekee watu wenyewe."

"Kwa usafiri gani, kwa ungo?"

"Kwa lori. Na usidhani ni wema. Nataka niione sura ya mtu asiyeweza kufukuzwa."

Siku kumi nilizunguka nyumba kwa nyumba. Wengine waliniambia wana shamba. Nikawaambia shamba litakuwepo keshokutwa. Wengine waliniambia wataalamu wamesoma. Nikawaambia hata mie nimesoma, darasa la tatu, na najua kuhesabu mpaka nne: Chome Sanga mmoja, Chome Sanga wawili, Chome Sanga watatu, Chome Sanga wanne. Kazini nilipiga simu kwamba sitarudi mpaka tarehe kumi na sita. Msimamizi akasema nafasi yangu hataniahidi. Nikamwambia asiniahidi.

Jumanne tarehe kumi na tano tulipanda kilima cha Kwale watu arobaini na sita ndani ya lori lililofagiliwa samadi saa moja kabla. Wazee waliketi kwenye mikeka. Dama wa nyumba kubwa alijifunika leso puani safari nzima akisema kwamba kwa maiti hali yake si mbaya.

Getini askari alituinulia mkono. "Watano tu wanaingia."

"Ndugu yangu," nikamwambia, "umewekwa hapa kulinda nini?"

"Utulivu."

"Sisi tumetulia. Tutakaa kwenye nyasi hizi mpaka uone tumetulia vya kutosha."

Akanitazama viatu. Viatu vya kazi vinajulikana. "Wewe pia ni wa geti?"

"Miaka kumi na minane, Diani."

Akapumua. "Ingieni. Lakini mtu akikanyaga maua, utajibu wewe."

Ukumbini walikuwa wataalamu watano nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mkuu wao alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Cynthia, mtu wa bara ya mbali. Ni daktari wa hesabu, sindano hajui kuishika. Ila adabu anayo. Alisimama akaniambia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole sana kwa msiba wako. Nimesoma barua yako ya pingamizi. Lakini Bodi haiamui kwa huzuni, inaamua kwa takwimu. Huzuni ingetuongoza, kila kijiji kingekuwa na hospitali."

"Sawasawa," nikasema. "Basi zisomwe. Soma jina la Chome Sanga."

Fundi wao wa kompyuta akabonyeza, orodha ikatokea ukutani. Daktari akasoma, "Chome Sanga."

Wakasimama wanne. Mmoja na kofia ya vito iliyodariziwa, mmoja hana meno, mmoja mrefu kama mnazi, na wa nne amebeba mjukuu ambaye, kwa bahati, naye ni mtoto wa Sanga na anaitwa Chome.

"Yupo mmoja kwenye orodha," akasema Daktari.

"Ni yupi?"

Akatazama ukuta, akawatazama wao.

"Mwanapili Mbarak," nikasema. Wakasimama wawili, na mmoja wao akamwambia fundi, "Mwanangu, ukinifuta mie, madeni yangu ya sokoni umfutie na huyu." Watu wakacheka, hata mmoja wa wale watano akauma midomo. Nikataja Mwero Chome, nikasimama mwenyewe na mwenzangu. Tukaendelea hivyo. Nilikuwa nimeshika daftari jeusi lakini sikulifungua.

"Sasa soma Dama Ziro."

Fundi akabonyeza. "Huyu anaonekana amefariki," akasema.

Wakasimama wawili.

"Basi nikae?" akauliza Dama wa nyumba ndogo.

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Daktari Cynthia alishaelewa. Aliuliza polepole, "Walikuwa wangapi, mzee?"

"Watatu."

"Wa tatu?"

"Huyo ndiye asiyeweza kusimama."

 Wale watano wakainamiana, wakanong'ona kwa Kiingereza. Kisha Daktari akasema, "Kosa limeonekana. Nakiri limeonekana. Tutaliwasilisha kwenye kikao cha wataalamu cha mwezi Februari."

"Dispensari inafungwa mwisho wa mwezi huu."

"Utaratibu unasema mapitio ni mara moja kwa mwaka, mzee. Nikiuvunja kwa ajili yenu, nitauvunja kwa kila mtu."

"Daktari," nikasema, "nani alikuchagua?"

"Sikuchaguliwa. Niliomba kazi, nikafanyiwa usaili, nikafaulu kuwashinda watu mia mbili." Alisema hivyo bila majivuno. Alidhani ananituliza.

"Na sisi tukitaka uondoke, tuinue mikono wapi?"

Akawageukia wenzake. Aliyekaa kushoto kwake akasema, "Ipo fomu ya malalamiko."

"Inasomwa na nani?"

"Na Bodi."

Nyuma nikamsikia Suleiman akikohoa. Nilimjua. Kile kilikuwa kicheko.

"Sisi hatuondoki," nikasema. Sikupaza sauti. "Mimi ni mlinzi. Kazi niijuayo ni kukaa mahali. Naweza kukaa hapa kuliko nyinyi wote."

Tukakaa. Adhuhuri ikaingia, Waislamu wetu wakatoka kuswali kwenye nyasi kisha wakarudi vitini mwao. Wataalamu walikwenda kula wakarudi, wakatukuta. Yule Chome asiye na meno alilala, akaamka, akauliza kama tumeshinda. Walipiga simu hizi na zile. Saa kumi Daktari Cynthia akatoka na barua yenye muhuri, akanipa mkononi, akasubiri nishukuru.

Mie nasoma polepole. Nikaisoma neno kwa neno, kwa sauti, watu wote wasikie, nao wakinisubiri. Ilisema kufungwa kumesitishwa. Ilisema muuguzi atarudi siku tano kuanzia Jumatatu. Ilisema majina yatahesabiwa upya kwa nyumba, kwa msaada wa wenyeji. Kuhusu kamati ya kuchaguliwa haikusema kitu, na tulipoomba baadaye tulijibiwa kwamba mikono iliyoinuliwa si takwimu. Hilo hatujaliacha.

Dispensari iko wazi mpaka leo, Alhamisi ikiwemo. Kitambaa cha maua kingali juu ya mashine. Kazi ya Diani niliipoteza. Nimepata nyingine, ya geti la dispensari yenyewe, na ufunguo wa akiba ninao mimi.

Lakini siku ile Kwale, watu walipokuwa wakipanda lori, nilirudi ndani peke yangu nikamwuliza Daktari Cynthia jambo moja. Alimwita fundi. Fundi akasema mfumo hauweki kumbukumbu ya majina uliyoyafuta. Daktari akasema, "Mzee, hilo sina namna ya kulijua." Tangu hapo nimepanda kilima kile mara tisa kuuliza lilelile. Askari wa geti ananijua, hunipa kiti. Kama waliyebaki naye ni wa kwangu, basi walijua kuna mwanamke mwenye pumu hatua mia tatu kutoka mlango ule, na walifunga. Kama walibaki na dada yake, basi mke wangu walikuwa wameshamfuta kabla hajafa, na mie siku ile nilimbeba mgongoni mtu ambaye kwao hayupo. Nataka niambiwe moja kati ya hayo mawili. Mlipowachukua akina Dama Ziro watatu mkabakisha mmoja, mlimbakisha yupi?